Jukwaa la Mutanga Sud: Je, Ni Kazi ya Sendika?



Katika mikutano yetu ya Bujumbura kuna ombi moja ambalo limeletwa mara nyingi, na kila mara tumeliahirisha, kwa sababu mambo ya mishahara na kandarasi hutangulia. Wafanyakazi wanaokaa Mutanga Sud na mitaa inayopakana nayo wanaomba sendika iwasaidie kupata mahali pa michezo ya kuigiza, ngoma, muziki na sinema. Wanataka mahali pao wenyewe, si ukumbi wa kukodi kwa bei ya matajiri. Baadhi yetu wameunga mkono. Wengine wamesimama na kusema wazi kuwa mchango wa mwanachama haukukatwa kwenye mshahara wake ili ukanunue gitaa. Ukurasa huu tumeutoa kwa ajili ya ombi hilo, nasi tutasema tunaloliamini.

Kwanza, kwa wenzetu wa mashambani wasioujua mtaa huu. Mutanga Sud iko katika zoni ya Rohero, kwenye mteremko, na hapo ndipo ilipo kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi. Mtu akisikia jina hilo hufikiri ni mtaa wa wakubwa tu. Ni kweli nyumba za wakubwa zipo, zenye ukuta na lango la chuma. Lakini kwenye lango kuna mlinzi, jikoni kuna mpishi, na uani kuna mfuaji nguo. Ukishuka kuelekea Mugoboka na Nyakabiga utakuta nyumba za waashi, madereva, wachuuzi na watu wa viwandani. Kaskazini unapita mto Ntahangwa. Mvua kubwa zikinyesha mto huo humega kingo zake, na kuna familia ambazo viwanja vyao, hata nyumba zao, vimeangukia korongoni. Ng'ambo ya mto ni Mutanga Nord, na hapo inaanza mitaa ya kaskazini.

Mtaa huu umepitia mambo mazito. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vikafuata. Mji ukakatwa vipande: huku mtaa wa Wahutu, kule mtaa wa Watutsi, na mtu aliyekosea njia hakurudi. Mwezi wa Juni 1995 wanafunzi Wahutu waliuawa usiku ndani ya kampasi hii hii ya Mutanga. Mwaka 2015 Nyakabiga, jirani yetu, ilikuwa moja ya mitaa iliyojaa maandamano, vizuizi vya barabarani na risasi. Hatuyaandiki haya ili kuchokoa vidonda. Twayaandika kwa sababu mtu hawezi kueleza kwa nini mtaa unahitaji mahali pa kukutania kama haelezi kwa nini watu waliacha kukutana.

Leo watu husalimiana vizuri. Jumamosi asubuhi wanashika majembe pamoja katika kazi za jumuiya. Lakini jioni ikifika kila mmoja huingia kwake na kufunga mlango. Tukihesabu mahali ambapo mfanyakazi wa Mutanga Sud anaweza kukaa na jirani asiyekuwa wa ukoo wake, hatupati mengi. Kiwandani watu hufuatwa na saa na msimamizi. Kanisani na msikitini kila mtu yu na watu wa dini yake. Imebaki kabare. Huko karibu ni lazima uwe na pesa mfukoni, na mama mwenye watoto hapaoni kuwa ni mahali pake. Mtoto wa mlinzi akitoka shule ana barabara na korongo, basi. Mtoto wa tajiri ana televisheni na ua wenye majani.

Sasa tuje kwa wenzetu wanaopinga. Hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema: sendika ni ya mshahara, ajali za kazini, likizo na uzee, ngoma ni ya wizara, ya padri au ya mfadhili. Wanasema pia kwamba mtu mwenye njaa hachezi. Hilo la njaa tunawajibu kwa kuwauliza kama wamewahi kuhudhuria arusi ya mtu maskini. Hilo la kwanza linahitaji jibu refu, na jibu tumelitafuta kwa kuangalia mahali ambapo jambo hili limekwisha fanyika.

Hatuhitaji kwenda mbali. Vukeni Ntahangwa, mpite Ngagara, mfike Kamenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya vita, mapadri Waksaveri, akiwamo Padre Claudio Marano kutoka Italia, walianzisha pale Kituo cha Vijana cha Kamenge. Kilikusudiwa vijana wa mitaa sita ya kaskazini, yaani Buterere, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kinama na Ngagara. Kituo hakikuwa na maajabu: maktaba, viwanja vya mpira, madarasa ya lugha, muziki, tamthilia, filamu. Vita vikaja. Mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge, wakazi wakakimbia, nyumba zikaporwa na kubomolewa. Kituo hakikufunga mlango wake. Vijana wa Kamenge na Kinama, ambayo yalikuwa mitaa ya Wahutu, na vijana wa Ngagara na Cibitoke, ambako Watutsi walikuwa wengi, waliendelea kuingia kwa lango moja katika miaka ambayo kaka zao walikuwa wanawindana barabarani. Mwaka 2002 kituo hiki kilipewa tuzo ya Right Livelihood, ambayo hutolewa Sweden, na ambayo watu wengi huiita Nobeli ya pili.

Tumejiuliza ni nini kiliwaleta vijana wale. Si hotuba za amani, kwa maana hotuba zilikuwa nyingi kila mahali na hazikumzuia mtu. Tunavyoona sisi ni kazi yenyewe. Mchezo wa kuigiza hauendi na mtu mmoja. Anayeigiza baba anamhitaji anayeigiza mtoto, na wote wawili wanamhitaji anayekumbuka maneno wakisahau. Bendi inamngoja mpiga besi hata kama anatoka mtaa wa adui. Akichelewa, watu hawamuulizi kabila lake, wanamuuliza alikuwa wapi. Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashine mnalijua hili, kwa maana mwenzako wa zamu ndiye anayelinda mkono wako usikatwe, uwe unampenda au humpendi.

Wengi wetu tunakumbuka pia redio. Tangu 1997 Studio Ijambo ilitoa mchezo wa Kirundi uitwao Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye ndugu, ulioandikwa na mama Marie-Louise Sibazuri. Watu walikuwa wakiufuata sehemu baada ya sehemu, na kesho yake kazini walibishana juu ya watu wa mchezo kana kwamba ni majirani wa kweli. Redio ilifanya kazi kubwa. Ila redio husikilizwa nyumbani, mlango umefungwa.

Kamenge basi ni ushahidi wa kwanza. Lakini mwenzetu anayepinga atasema: kile ni kituo cha mapadri, na fedha zake zimetoka nje, mfanyakazi alijenga nini? Swali zuri. Kwa hilo inatubidi twende Kenya, tena shambani.

Limuru, karibu na Nairobi, kuna mashamba ya chai na kuna kiwanda cha viatu cha Bata. Hapo pana kijiji kiitwacho Kamiriithu, ambacho Waingereza walikitengeneza miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, kwa kuwahamisha watu kwa nguvu. Mwaka 1976 wanakijiji walianza kituo chao cha elimu na utamaduni. Walianza na kisomo cha watu wazima. Kisha wakataka mchezo wa kuigiza, wakawaomba waandishi wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, waandike kwa Kikuyu. Mchezo ukaitwa Ngaahika Ndeenda, maana yake nitaolewa nitakapopenda.

Hadithi yake mfanyakazi yeyote wa shamba ataielewa kabla haijafika nusu. Kuna kibarua aitwaye Kiguunda mwenye ekari moja na nusu, na hati yake ameihifadhi kama roho yake. Tajiri na rafiki zake wanakitaka kipande hicho cha ardhi. Kiguunda anashawishiwa afunge ndoa ya kanisani kwa fahari. Ili apate pesa anaiweka hati rehani benki, na ardhi inakwenda.

Lililotuvutia sisi ni namna mchezo huo ulivyotengenezwa. Waandishi walipoleta maneno, wanakijiji waliyakosoa. Wazee walisahihisha lugha na nyimbo. Watu wa kiwandani na wa mashamba ya chai walisema mishahara yao hasa ni kiasi gani na wanavyonyonywa, na hayo yakaingizwa. Mazoezi yalifanywa mwisho wa juma, hadharani, kila mpita njia akitazama na kusema neno. Na ukumbi wenyewe, ambao haukuwa na paa, waliujenga kwa mikono yao kwenye uwanja mtupu, wenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Hapakuwa na mkandarasi wala mfadhili wa kukata utepe.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikodi magari kutoka mbali kuja kuutazama. Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta kibali. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982 watu wa Kamiriithu walipotaka kucheza mchezo mwingine walikatazwa, na mwezi wa Machi polisi walikuja wakaubomoa ukumbi. Ngũgĩ alifariki mwezi wa Mei 2025, na magazeti ya dunia nzima yalikumbuka vitabu vyake. Sisi tunakumbuka pia wale waliobeba nguzo, ambao magazeti hayakuwataja.

Mtu aweza kusema: tazameni, walijenga wenyewe na bado walibomolewa. Kweli. Lakini pimeni uzito wa jambo. Serikali yenye jeshi haitumi polisi kubomoa mbao na miti kama mbao na miti hiyo haina nguvu. Waliobomoa walikuwa wamekwisha ona kibarua akisimama mbele ya watu 2,000 na kutaja mshahara wake kwa sauti. Hiyo ndiyo kazi ya sendika, ndugu zetu, hata kama hapakuwa na sendika iliyoandikwa mlangoni.

Habari ya fedha nayo ina mafundisho, na hapa tuna ushahidi wa upande wa pili. Mji Mkongwe wa Zanzibar una chuo cha muziki kilichofunguliwa 2002 katika nyumba ya zamani ya forodha, pale Forodhani, ambako taarabu na vyombo kama ganuni na udi hufundishwa vijana. Tangu 2004 kuna tamasha la Sauti za Busara, ambalo makao yake makubwa yamekuwa Ngome Kongwe. Kwa siku hizo chache wenye nyumba za wageni, wapishi wa Forodhani, madereva na wachukuzi hupata riziki, na majengo yaliyokuwa yanalala huamka. Ni jambo jema. Ila mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha, lilirudi 2017. Na chuo nacho mwaka 2019 kilitangaza kuwa kiko hatarini kufungwa kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akikulisha kwa kijiko chake, siku akiondoka anakwenda na kijiko.

Nairobi, katika eneo la viwanda, barabara ya Dunga, wasanii waligeuza ghala kuwa kituo cha sanaa mwaka 2003, wakakiita GoDown, yaani ghala. Wachoraji, wacheza ngoma na wanamuziki wakapata vyumba vya kazi katikati ya viwanda na gereji. Habari hii inatufurahisha kwa sababu moja ndogo: msanii alikwenda kukaa penye kelele ya mfanyakazi, hakumwita mfanyakazi aje mjini avae tai. Nasi Bujumbura tunayo Taasisi ya Kifaransa katikati ya mji, na michezo mizuri huonyeshwa pale. Lakini ulizeni wapishi na walinzi wa Mutanga Sud ni wangapi wamewahi kuingia. Ni mwendo mfupi kwa miguu, na hakuna aliyewafukuza. Hata hivyo hawaingii, kwa sababu mtu hujua nyumba isiyokuwa yake.

Kuna hatari nyingine ambayo hatutaki kuificha. Mtaa ukipata mahali pazuri, wenye nyumba hupandisha kodi. Katika miji ya Ulaya na Marekani jambo hili limeonekana mara nyingi: wasanii huingia mtaa wa maskini kwa sababu ni rahisi, mtaa hupata sifa, matajiri huufuata, na maskini walioukalia miaka yote huhamishwa na bei bila hata kusukumwa. Ikiwa tutaung'arisha mtaa ili wengine waje kuukalia, basi tumewafanyia kazi bure wenye nyumba. Kwa hiyo tunasema mapema: sendika isishike jembe katika jambo hili mpaka iwe imeandikwa nani anashika ufunguo. Na wanaoshika ufunguo wawe wakazi wa mtaa wanaoishi kwa kazi ya mikono, wakichaguliwa kila mwaka, nusu yao wanawake.

Juu ya wanawake kuna la kuongeza. Saa za kabare ni saa za wanaume. Mama anayefua nguo za watu tangu alfajiri hawezi kuja saa tatu usiku, na akija, kurudi kwake ni hofu. Mazoezi yawe Jumapili alasiri, ibada zikiisha, na yaishe kabla jua halijazama. Watu wa zamu ya usiku wataweza kuja wakitoka usingizini.

Na juu ya ngoma, wenzetu vijana wasikie vizuri kabla hawajachonga gogo. Ngoma yetu ya kifalme iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu wote. Mwaka 2017 amri ya Rais iliweka masharti: kikundi kinachotaka kupiga kwenye sherehe lazima kipate kibali cha wizara ya utamaduni, na wanawake hawaruhusiwi kuipiga ngoma hiyo, ingawa wanaweza kucheza. Kila mtu ana maoni yake juu ya amri hiyo, nasi tunayo. Lakini hatutaki mtoto wa mwanachama akamatwe kwa sababu hakuambiwa. Tuanze na mchezo wa kuigiza, gitaa na kwaya. Ngoma itafuata na karatasi yake.

Tumefika kwenye fedha zetu. Hatuombi faranga hata moja kutoka mfuko wa mgomo wala mfuko wa misiba. Mifuko hiyo ni mitakatifu. Tulichopendekeza ni mchango wa hiari kwa wanaokaa mitaa hiyo tu. Wanachama 200 wakitoa faranga 1,000 kila mwezi, hiyo ni faranga 200,000, na kwa mwaka ni 2,400,000. Fedha hizo hazijengi ukumbi, na hatusemi zitajenga. Lakini Kamiriithu haikuanza na ukumbi, ilianza na uwanja mtupu. Fedha hizo zitanunua turubai na taa, na viti kidogo kidogo. Jukwaa lenyewe ni miti ya mikaratusi na mbao, na waashi tunao wengi kuliko waimbaji.

Uwanja ndio mgumu. Tumeandika barua kuomba ua wa shule moja ya mtaa kwa siku za Jumapili. Jibu bado. Kuna kiwanja kingine kitupu, lakini kiko karibu mno na ukingo wa Ntahangwa, na hatuwezi kukusanya watoto mahali ambapo ardhi inatembea. Mwenye kujua pengine pazuri atuambie.

Mchezo wa kwanza umekwisha zungumzwa. Utahusu kibarua aliyefanya kazi miaka mingi bila kandarasi, akilipwa kwa siku, mpaka siku aliyougua. Utakuwa wa Kirundi na Kiswahili, kama tunavyozungumza wenyewe kazini. Jina la kiwanda halitatajwa. Atakayejiona humo ajitafute mwenyewe. Wenzetu wa chai wameombwa watuletee nyimbo wanazoimba wakichuma, kwa sababu hizo sisi wa mjini hatuzijui.

Mkutano mkuu utapiga kura, na wanaopinga watapewa nafasi ya kusema kwanza. Wanaotaka kuigiza, kupiga gitaa, kushona nguo za mchezo au kubeba mbao wajiandikishe kwa mjumbe wao wa kiwanda kabla ya siku hiyo. Mafundi seremala wawili wamekwisha ahidi misumeno yao. Misumari bado haijapatikana.